Ukoo Unapozuru Historia Yake: Kutoka Mirongo hadi Bujora, Kageye na Ukerewe

Kwa muda mrefu mkutano wa ukoo katika Kanda ya Ziwa, yaani kikao cha watu wanaojihesabu kuwa wametoka kwa babu mmoja, umekuwa ukiitishwa na jambo zito: msiba, mgawanyo wa mirathi, posa na mahari, au ugomvi wa ndugu juu ya shamba la marehemu. Katika miaka ya karibuni imejitokeza aina nyingine ya mkutano ambayo haisubiri tatizo. Wanaukoo huchangishana fedha kupitia kundi la WhatsApp, huchagua kamati yenye mwenyekiti na mweka hazina, hushona sare za kitenge, hukodi kosta moja au mbili, na Jumamosi alfajiri huondoka kwenda kutazama maeneo ya kale ambayo yanasemekana kuwa na uhusiano na asili yao. Mhadhara huu unaichunguza ziara ya namna hiyo kama desturi yenye kanuni zake, ukianzia mjini Mwanza, na hoja yake ni kwamba maeneo hayo huwa na tabia ya kumbishia mgeni wake: ukoo huenda kutafuta shina moja, lakini mahali penyewe, pakitazamwa kwa makini, panaonyesha akina mama walioachwa nje ya hesabu, wageni waliopokelewa, na watu waliovuka maji wakaanza upya.

Mirongo panafaa kuwa mahali pa kuanzia. Kata hiyo ya katikati ya Jiji la Mwanza, katika Wilaya ya Nyamagana, ina jina moja na mto unaoteremka kutoka kwenye vilima vya mawe, ukapita katikati ya makazi na maduka, na kuingia Ziwa Victoria ukiwa umebeba, kwa masikitiko ya wakazi wake, taka nyingi za mjini. Mji wenyewe ulianza kama kituo cha utawala wa Wajerumani mwanzoni mwa miaka ya 1890, ukapata nguvu mpya reli kutoka Tabora ilipoufikia mwaka 1928, na ukajazwa na watu waliofuata pamba, samaki, bandari na kazi za ofisini: Wasukuma wa Kwimba na Magu, Wakerewe na Wakara wa visiwani, Wajita, Wazinza, Wahaya wa ng'ambo ya magharibi, pamoja na Wahindi na Waarabu wenye maduka. Kwa hiyo familia inayokutana Mirongo inakutana mahali ambapo karibu kila mtu ana kwao kwingine, na swali la ziara, yaani waende wapi wanapokwenda kwao, haliwezi kujibiwa bila mabishano.

Ikumbukwe pia kwamba wanaopanda kosta hiyo kwa kawaida si ukoo mzima kwa maana inayotumiwa na wataalamu wa elimu-jamii, ambao kwao ukoo ni kundi kubwa lenye asili moja inayosimuliwa bila kuweza kuthibitishwa kizazi kwa kizazi. Wanaosafiri ni mlango, yaani tawi ambalo watu wake wanaweza kuhesabu kwa majina vizazi vinne au vitano hadi kumfikia mtu ambaye kaburi lake linajulikana. Hesabu hiyo siku hizi huandikwa: kijana mmoja aliyesoma hukaa na wazee, hukusanya majina, kisha huyachora kwa maka peni kwenye karatasi ya manila, ambayo hubandikwa ukutani au hufungwa kwenye shina la mwembe siku ya mkutano. Anayeusogelea mchoro huo ataona jambo moja linalojirudia. Mistari inayotoka kwa wana wa kiume huendelea kushuka hadi ukingo wa karatasi, lakini mistari ya mabinti huishia kwenye jina lao tu, au hufuatiwa na maneno mafupi kama «aliolewa Nansio», na watoto wao hawaonekani tena. Karatasi hiyo ndiyo ramani halisi ya safari, kwa maana kamati huchagua maeneo ya kuzuru kwa kufuata mistari iliyoendelea, si ile iliyokatika.

Desturi ya koo kuzuru maeneo ya kale haikuanzia ziwani. Miongoni mwa nchi zilizoikuza sana ni Ayalandi, kisiwa kilichopoteza watu wengi wakati wa Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852, pale viazi vilivyokuwa chakula cha maskini viliposhambuliwa na ugonjwa, watu wapatao milioni moja wakafa na wengine wapatao milioni moja wakahama. Wajukuu wa waliohama, wanaoishi Marekani, Kanada, Australia na Uingereza, hurudi kwa makundi ya majina yao ya koo, na mwaka 2013 taifa hilo liliendesha kampeni ya mwaka mzima ya kuwaita wageni wenye damu ya Kiayalandi waje wakutane na ndugu zao. Makundi hayo hutembelea magofu ya ngome, nyumba za watawa zilizobomoka, makaburi ya kale na vilima ambavyo wakuu wao walisimikwa. Ukoo wa O'Neill, uliokuwa na nguvu kuliko wote katika jimbo la Ulster, una kilima chake huko Tullyhogue, katika eneo ambalo leo liko Ayalandi ya Kaskazini. Hapo palikuwa na kiti cha mawe alichokalishwa mkuu mpya siku ya kusimikwa, hadi mwaka 1602 jemadari wa Kiingereza, Lord Mountjoy, alipoamuru kivunjwe. Miaka mitano baadaye Hugh O'Neill alipanda meli na wakuu wenzake, akaondoka, na akafia Roma mwaka 1616. Mgeni anayefika Tullyhogue leo anakuta boma la udongo lenye umbo la duara, nyasi na miti. Kiti hakipo, na kutokuwepo kwake ndiyo habari yenyewe.

Mfano huo unafaa kwa sababu katika nchi ya Wasukuma pia viti viliondolewa, ingawa kwa njia tofauti kabisa. Wasukuma hawakuwahi kuwa na mfalme mmoja. Walikuwa na tawala nyingi ndogo, kila moja ikiwa na mtemi wake, yaani mtawala aliyebeba dhamana ya mvua, mavuno na amani ya watu wake. Waingereza waliziendeleza tawala hizo ndani ya mfumo wao wa kutawala kupitia wenyeji, na baada ya Vita Kuu ya Pili wakaziunganisha katika shirikisho lililokuwa na makao yake Malya. Kisha ukaja uhuru, na mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa kwa sheria. Hakukuwa na jemadari wala nyundo. Serikali iliyoufuta iliongozwa na mtu ambaye baba yake mwenyewe alikuwa chifu wa Wazanaki, na vigoda, ngoma na mikuki, badala ya kuvunjwa, vingine vilibaki majumbani mwa familia na vingine vikapata hifadhi mahali ambapo ziara nyingi za koo huanzia, yaani Bujora.

Bujora ni kilima kilicho karibu na Kisesa, kando ya barabara ya Musoma, mwendo usiozidi saa moja kwa gari kutoka Mirongo ikiwa hakuna foleni. Mwanzilishi wake alikuwa padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Alianzisha kazi yake hapo mwanzoni mwa miaka ya 1950, akajenga kanisa la duara kwa kufuata umbo la nyumba ya Kisukuma, na pembeni yake akakusanya vitu vya utamaduni hadi pakawa makumbusho. Jengo mashuhuri kuliko yote hapo lilijengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na ndani yake zimewekwa ngoma za kitemi na vifaa vya utawala kutoka sehemu mbalimbali za Usukuma. Kuna pia nyumba ya mganga, mahali pa mhunzi, na vitu vya vyama vya ngoma. Mwanaukoo anayeingia humo akiwa amevaa sare yake ya kitenge huwa na swali moja tu kwa mwongozaji: ngoma ya kwetu ni ipi?

Swali hilo ndilo linalomwingiza katika matatizo. Kwa utaratibu wa zamani uliofuatwa katika tawala nyingi za Kisukuma, na ulioelezwa kwa kirefu na Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyezaliwa Austria na kuajiriwa na serikali ya kikoloni, katika vitabu vyake vya miaka ya 1950, utemi ulirithiwa kwa kuukeni, yaani kwa kufuata upande wa mama. Mtemi hakurithiwa na mwanawe bali na mtoto wa dada yake, kwa kuwa damu ya dada haikuwa na shaka, ilhali ya mke ingeweza kuwa na maneno. Waliomchagua mtemi mpya walikuwa banang'oma, baraza la wazee wa kitemi, ambao wengi wao walikuwa wazao wa watemi waliotangulia kwa upande wa kiume, na kwa sababu hiyo hiyo hawakuwa na haki ya kukalia kigoda wao wenyewe. Urithi wa mwana kwa baba ulienea baadaye, wakati wa utawala wa wageni. Matokeo yake ni kwamba mtu anayesimama mbele ya ngoma ya kitemi na kusema kwamba ni ya babu yake, mzaa baba, kwa jina la ukoo analobeba, huenda anasema kweli kwa kizazi kimoja au viwili tu. Ukipanda juu zaidi, ngoma hiyo inahama, inafuata dada, inaingia katika nyumba ambazo kwenye karatasi ya manila mistari yake ilikatwa.

Wala jambo hili halikuwa la watemi peke yao. Kati ya watu wa kawaida, Wasukuma na ndugu zao Wanyamwezi walijua namna mbili za ndoa, moja ikiwa ile ya kukwa, ambapo ng'ombe wa mahari walitolewa na watoto wakahesabiwa kwa baba, na nyingine ikiwa ile ya butende, ambapo mahari hayakutolewa na watoto wakabaki upande wa mama, hadi baba atakapowakomboa kwa mifugo. Familia nyingi za leo zilizoshika sana hesabu ya kuumeni zina babu mmoja mahali fulani aliyekulia kwa wajomba zake kwa sababu baba yake hakuwa na ng'ombe, na jina la ukoo linalotumiwa na wajukuu wake likawa la wajomba hao. Wazee hulijua jambo hilo. Hawalisemi mbele ya vijana wenye maka peni isipokuwa waulizwe kwa upole, na mara nyingi wanaolisema ni bibi, si babu.

Bujora inatoa funzo jingine la aina hiyo kupitia ngoma. Wakati wa tamasha la Bulabo, ambalo huambatana na sikukuu ya Ekaristi na aghalabu huangukia mwezi Juni, uwanja hugawanyika kati ya vyama viwili vikubwa vya wachezaji, Bagika na Bagalu, vinavyosemekana kuanzishwa na mahasimu wawili, Ngika na Gumha, ambao kila mmoja alijulikana kwa dawa zake. Wachezaji wa kila upande hushindana kuvuta watazamaji, kwa jembe, kwa vichekesho, kwa nyoka, na kwa dawa ambazo kila upande unadai kuwa nazo. Mtu huwa Mgika au Mgalu kwa kumfuata kiongozi wa ngoma na dawa zake, na ndugu wa baba mmoja wanaweza kusimama pande mbili. Kwa mtu anayetaka kuelewa maisha ya Usukuma ya jana, uhusiano huo wa uwanjani, na ule wa vikundi vya kulima pamoja, ulikuwa na uzito mkubwa katika siku za kawaida kuliko ukoo, ambao kwa Wasukuma haukuwa taasisi yenye nguvu kama ulivyokuwa kwa majirani zao Wahaya. Ukoo wa Kisukuma wenye katiba, mwenyekiti na akaunti ya benki ni, kwa kiasi kikubwa, kazi ya mji.

Ziara nyingi hupita pia kwenye maeneo yanayokumbusha wageni, kwa kuwa ndiyo yaliyowekewa vibao. Katikati ya Mwanza, kwenye mnara wa saa, bamba linaeleza kwamba kutoka kilima cha Isamilo, tarehe 3 Agosti 1858, John Hanning Speke aliyaona maji makuu ya ziwa. Aliyaona, ni kweli, baada ya kumwacha mwenzake Burton akiugua Tabora, na akiongozwa na msafara ambao mtu wake mashuhuri alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuwa mtumwa nchini India. Lakini maandishi ya Speke mwenyewe yanaonyesha kwamba alipofika alipokewa na mtawala wa mahali hapo aliyeitwa Mahaya, na alimkuta mfanyabiashara wa Kiarabu, Mansur bin Salim, ambaye alikuwa amekwisha kuishi huko. Na habari juu ya ukubwa wa ziwa na visiwa vyake alizipata kwa kuwauliza watu hao. Ukoo unaopiga picha chini ya mnara huo ungefanya vizuri kumuuliza mwongozaji habari za Mahaya. Bamba halimtaji, nayo safari ya ukoo, tofauti na safari ya shule, haina mtihani wa kuwalazimisha watu waridhike na kilichoandikwa.

Kageye, kwenye mwambao wa Ghuba ya Speke, ni mfano wa pili na labda mkali zaidi. Hapo ndipo Henry Morton Stanley alipofika mwisho wa Februari 1875 akiwa na mashua yake ya vipande vipande, akaiunganisha, na mwezi uliofuata akaizungusha ziwa lote. Msaidizi wake Frederick Barker alibaki Kageye na kufia hapo kwa homa. Miaka miwili baadaye wamisionari wa Kianglikana waliokuwa wakielekea Buganda walipatumia kuwa kituo, na daktari wao, John Smith, naye akazikwa hapo. Kwa hiyo mahali hapa pana makaburi ya vijana kutoka Uingereza, na panazurwa kwa sababu hiyo. Hata hivyo, Kageye palikuwa bandari ya mitumbwi na soko la pembe za ndovu na watumwa kabla ya Mzungu yeyote kupafika, na koo za karibu zilikuwa na watu wa pande zote za biashara hiyo: walioiendesha, waliolindwa nayo na waliouzwa. Ziara ya ukoo hupenda kumkuta babu shujaa. Kageye panaweza kumtoa babu aliyenunua mtu, au bibi aliyenunuliwa akaolewa na kuzaa wanaukoo, na ni vigumu kujua kamati ingeliandikaje jambo hilo kwenye ratiba kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana.

Kutoka hapo wenye nafasi huvuka kwenda Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria, ama kwa meli kutoka Mwanza hadi Nansio, safari ya saa tatu hivi, ama kwa kuzunguka barabara ya Bunda hadi Kisorya na kupanda kivuko cha kwenda Rugezi. Hapa hali inabadilika, kwa kuwa Wakerewe ni watu walioihifadhi historia ya koo kwa umakini. Ukoo uliotawala kisiwa, Wasilanga, unasimulia kwamba mkuu wao wa kwanza, Katobaha, alitoka Ihangiro, upande wa magharibi wa ziwa katika mkoa wa leo wa Kagera, akaja kwa mitumbwi pamoja na wafuasi wake katika karne ya 17 na kuwakuta wengine wakiishi kisiwani. Mtawala wao aliitwa omukama, jina lile lile lililotumika ng'ambo ya maji. Basi hata ukoo ulioshika kigoda kwa zaidi ya miaka 200 hauanzii mahali unapopazuru. Unaanzia ng'ambo, na Msilanga anayetaka kwenda kwao kwa asili atalazimika kuangalia upande wa machweo, mahali ambapo haoni nchi kavu.

Katika mojawapo ya sura za historia ya kisiwa hiki ndipo Ayalandi na ziwa zinapokaribiana kwa jina. Mwaka 1877 wamisionari wawili wa Kianglikana, Luteni Shergold Smith na mwenzake O'Neill, aliyekuwa na jina la ukoo ule ule wa Tullyhogue, walikuwa wakishughulikia mashua iliyotoka kwa Songoro, mfanyabiashara aliyeishi Ukerewe. Kulikuwa na ugomvi kati ya Songoro na Omukama Lukonge, Songoro akakimbilia kwa wageni hao, nao wakakataa kumtoa. Mnamo Desemba mwaka huo wakauawa pamoja naye na wengi wa watu wao. Vitabu vya misheni viliwaandika kuwa mashahidi. Kisiwani tukio hilo lilikuwa pia suala la mtawala aliyeona mali na watu wake wakiondolewa mbele ya macho yake na mfanyabiashara aliyejificha nyuma ya wageni. Wazao wa Lukonge na wa watu waliofuatana naye wapo, na ziara yao ya mahali hapo haiwezi kuwa sawa na ziara ya waumini, ingawa siku nyingine ni watu wale wale, kwa kuwa wengi wa wazao hao ni Wakristo.

Kagunguli, upande wa kaskazini wa kisiwa, kuna sababu bora zaidi ya kusimamisha kosta. Ndipo alipoishi Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, mjukuu wa Omukama Machunda, aliyesoma kwa wamisionari na baadaye katika seminari ya Rubya. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu juu ya maisha ya kisiwa kabla ya wageni, na kwa kukosa mchapishaji akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, naye akafariki mwaka uliofuata. Riwaya hiyo inastahili kutajwa katika mhadhara juu ya koo kwa sababu kiini chake ni mgogoro wa koo mbili. Mke asiyepata mtoto anasimangwa na ndugu wa mume, wazazi wake wanamchukua, na mume analazimika kwenda kwa wakwe, kuomba, na kulipa faini ya pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe. Mjukuu wa kifalme aliyekuwa na haki zote za kuandika sifa za kigoda alichagua kuandika juu ya wakwe, mitungi ya pombe, tiba ya uzazi na kulima mashamba. Ni vigumu kuona kumbukumbu ya ukoo iliyofanywa kwa busara kuliko hiyo, na mlango wowote wenye kijana hodari na simu ya kurekodia ungeweza kujifunza kutoka kwake nini cha kuwauliza wazee.

Kuna eneo moja ambalo kamati hulisahau, na sababu yake inaeleweka. Igoma, upande wa mashariki wa jiji, pana makaburi na mnara wa kuwakumbuka waliozama na meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, ilipokuwa ikitoka Bukoba na Kemondo kuja Mwanza, ikakaribia kufika, ikapinduka na kuua mamia ya watu. Ukara pia pana makaburi ya wale wa MV Nyerere, iliyozama tarehe 20 Septemba 2018. Haya si maeneo ya asili ya ukoo wowote. Lakini ni mahali ambapo majina ya koo za Kihaya, Kisukuma, Kikerewe na Kikara yamelala pamoja, na familia chache za Mirongo zinaweza kusema kwamba hazina mtu huko.

Kinachobaki ni suala la nani anayehesabiwa kuwa mgeni ndani ya ziara yenyewe. Wake walioolewa katika ukoo huamka saa tisa usiku kupika, hubeba michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, hupakua wali na sato, na wakati mzee anaposimulia vizazi mbele ya kaburi, wao wako kwenye masufuria. Shangazi, kwa upande wake, ana heshima kubwa na hukaa kiti cha mbele. Watoto wake hawamo kwenye orodha ya mchango. Utaratibu huu una mantiki yake na hauhitaji kushutumiwa kwa haraka, kwa kuwa ukoo wa kuumeni ulijengwa kwa ajili ya kulinda mifugo na mashamba. Ziara, hata hivyo, haigawi mifugo wala mashamba. Inagawa kumbukumbu, na kumbukumbu haipungui kwa kuongezewa warithi.

Jambo moja la kiuhandisi limeifanya hoja hii iwe ya vitendo. Kuanzia miaka ya 1940 familia nyingi za Kisukuma zilivuka kwenda Sengerema na Geita, zikisukumwa na uhaba wa ardhi na kuhimizwa na mpango wa maendeleo wa serikali ya kikoloni uliotaka kupunguza msongamano wa watu na mifugo katika Usukuma wa zamani. Mabinti waliolewa huko, babu walizikwa huko, na kwa miongo mingi kamati za Mwanza ziliuacha upande huo nje ya ratiba kwa sababu foleni ya kivuko ingeweza kula nusu ya siku. Tangu tarehe 19 Juni 2025 Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, linapitika kwa dakika chache, na kosta inayoondoka Mirongo saa kumi na mbili asubuhi inaweza kuwa kaburini Sengerema kabla jua halijawa kali na kurudi mjini siku hiyo hiyo. Watu itakaowakuta huko, kwa sehemu kubwa, ni wazao wa wale mashangazi ambao mistari yao ilikatwa kwenye karatasi ya manila. Kamati itakayoamua kuwaandikia italazimika kwanza kulijibu swali la mweka hazina wake, nalo ni kama watu hao watozwe mchango kama wanaukoo au walipwe gharama za chakula kama wenyeji.